Kabla Jina Lako Halijakatwa

Juni 2021, kwenye majaribio ya Kenya ya kuelekea Olimpiki ya Tokyo yaliyofanyika Kasarani, Timothy Cheruiyot alimaliza wa nne katika mbio za mita 1,500. Nafasi zilikuwa tatu. Bingwa huyo wa dunia wa 2019, aliyenolewa na kocha Bernard Ouma katika klabu ya Rongai Athletics hapa Kajiado, akawa amekosa tikiti. Lakini tarehe 7 Agosti alikuwa uwanjani Tokyo, na akarudi na medali ya fedha. Aliingia kikosini kwa sababu Kamar Etyang, kijana wa miaka 18 aliyemshinda na kushika nafasi ya tatu, aliondolewa.

Etyang hakupatikana na dawa yoyote, wala hakuna aliyemshuku. Kenya iko katika kundi la nchi zinazofuatiliwa kwa karibu zaidi kuhusu dawa za kusisimua misuli, na mwanariadha wa nchi ya kundi hilo hawezi kwenda Olimpiki asipokuwa amepimwa mara tatu nje ya mashindano katika miezi 10 inayotangulia. Vipimo vyake havikutimia. Siku alipokuwa akifunga viatu pale Kasarani, mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika miezi mingi nyuma, na hakuna mbio ambayo angeikimbia siku ile ikayatengeneza.

Watu wengi huku kwetu huamini kwamba anayeondolewa ameondolewa kwa kosa la siku hiyo: ameonekana akidanganya, au ana adui ofisini. Wapo wa namna hiyo. Lakini ukifuatilia visa vingi, katika michezo, katika siasa na katika tenda za serikali, utakuta kanuni moja ndogo iliyokuwa imeandikwa wazi, tarehe iliyopita bila mtu kuiona, na karatasi iliyokosekana. Ndiyo maana ushauri wangu mwingi leo unahusu miezi ya kabla, na unaobaki unahusu saa chache za baada.

Nianze na siasa, kwa kuwa huko ndiko watu huuza mashamba na ng'ombe wao. Mwaka 2027 kiti cha gavana wa Kajiado kitakuwa wazi. Joseph Ole Lenku alichaguliwa 2017, akarudi 2022, na Katiba hairuhusu gavana kupita mihula miwili. Kiti cha juu kikiwa wazi, wabunge hukimezea mate, wawakilishi wadi hutazama viti vya wabunge, na vijana hutazama viti vya wawakilishi wadi. Mabango yatajaa kutoka Kitengela hadi Namanga. Baadhi ya nyuso hizo hazitafika kwenye karatasi ya kura, na uchungu ni kwamba wengi wao wangeweza kufika.

Uchaguzi hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Ichukue tarehe hiyo uhesabu kurudi nyuma. Sheria ya Uchaguzi humtaka mtumishi wa umma anayetaka kugombea ajiuzulu angalau miezi sita kabla, kwa hiyo chifu, karani wa kaunti au afisa wa wizara anapaswa kuwa ameacha kazi ifikapo tarehe 10 Februari. Kwa uchaguzi wa 2022 siku ya mwisho ilikuwa 9 Februari, na waliodhani barua ya likizo inatosha walijidanganya. Hifadhi nakala ya barua yako ya kujiuzulu ikiwa na muhuri wa ofisi iliyoipokea. Sheria za uchaguzi hubadilishwa mara kwa mara, basi kila tarehe ninayoitaja hapa ithibitishe katika ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge lako kabla hujaitegemea.

Mgombea huru ana mtihani mkubwa zaidi. Katiba inataka asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi, na anayetaka kuwa mwakilishi wadi aungwe mkono na wapiga kura 500 walioandikishwa katika wadi hiyo hiyo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayowakwaza watu wa Kitengela. Mji huu umejengwa na watu waliotoka kila pembe ya nchi. Wamenunua ploti, wamejenga Noonkopir, Yukos na Acacia, watoto wao wanasoma hapa, lakini wakati wa kura wanapanda magari kwenda Murang'a, Kisii, Machakos au Siaya walikoandikishwa. Jirani anayekupenda na kukusaidia kwa hali na mali hakufai kwenye orodha hiyo ikiwa kura yake iko Siaya. Na hata miongoni mwa walioandikishwa huku, wengi wanaojiita watu wa Kitengela wako wadi ya Oloosirkon/Sholinke au ya Kaputiei Kaskazini. Usikusanye sahihi sokoni kwa kumfuata kila anayekubali. Muulize kila mmoja kituo chake cha kupigia kura, andika nambari ya kitambulisho mbele yake, na usisimame ukifika 500. Mimi ningeendelea hadi 800, kwa kuwa majina yatapungua yakichunguzwa.

Kisha kuna mtego wa vyama. Mwaka 2021, orodha za wanachama zilipowekwa kwenye mfumo wa eCitizen, Wakenya wengi waligundua kwamba wameandikishwa katika vyama wasivyovijua, bila idhini yao. Kwa mwananchi wa kawaida ilikuwa kero tu. Kwa mgombea huru ni kisu. Ingia katika akaunti yako ya eCitizen, fungua huduma za Msajili wa Vyama vya Kisiasa, uone jina lako liko wapi. Ukikuta uko chamani, jiondoe sasa na uhifadhi uthibitisho. Wanaokuunga mkono nao wafanye vivyo hivyo, kwa maana mwanachama wa chama si wa kutegemewa katika orodha ya mgombea huru.

Hata mwenye tiketi ya chama kikubwa hajaepukana na hili. Majirani zetu wa Machakos wanakumbuka mwaka 2017, kamati ya IEBC ilipofuta uteuzi wa Wavinya Ndeti wa chama cha Wiper kugombea ugavana, kwa hoja kwamba alikuwa bado ni mwanachama wa chama kingine. Mahakama Kuu ilimrudisha. Hakushinda mwaka huo, lakini 2022 alishinda na kuwa gavana. Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi wa mahakamani. Mimi naona wiki za kampeni zilizoteketea katika chumba cha mahakama badala ya kutumika Mwala na Masinga, zote kwa sababu ya karatasi ambayo ingeshughulikiwa mapema.

Kuhusu elimu, anayewania ugavana anatakiwa awe na shahada ya chuo kikuu kinachotambuliwa Kenya. Aliyesomea nje aipeleke shahada yake mapema kwa mamlaka zinazozitambua shahada za nje. Mwaka 2022 Johnson Sakaja wa Nairobi alishinda ugavana huku maswali kuhusu shahada yake ya Uganda yakimwandama kuanzia kwenye kamati ya IEBC hadi kortini. Yeye alikuwa na mawakili na jina kubwa. Wewe unayetoka Isinya usitegemee kwamba utavuka mto uliojaa namna hiyo.

Neno moja la kuwatuliza wengi: Katiba haimzuii mtu kugombea Kajiado kwa sababu hakuzaliwa Kajiado. Inamtaka awe mpiga kura aliyeandikishwa. Vitisho vya "wewe si wa hapa" husikika kila msimu wa uchaguzi, katika Kimaasai na katika lugha nyingine zote zinazozungumzwa Kitengela, na vimewakatisha tamaa watu wazuri. Wenyeji wana hoja zao za haki kuhusu ardhi na uwakilishi, na hoja hizo zinastahili kusikilizwa kwa heshima kwenye mikutano. Lakini hazimo katika orodha ya mambo yanayomwondoa mgombea.

Orodha hiyo ni fupi, na kila mgombea anapaswa kuisoma kwa macho yake. Iko katika vifungu vya 99 na 193 vya Katiba. Humo utakuta mtumishi wa umma ambaye hajajiuzulu, aliyekuwa katika tume ya IEBC ndani ya miaka mitano iliyopita, ambaye hajatimiza miaka 10 ya uraia, aliyefilisika na hajaondolewa hali hiyo, anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, na aliyethibitishwa kutumia vibaya ofisi ya umma au kukiuka Sura ya Sita kuhusu uongozi na maadili.

Hilo la mwisho ndilo lililomzuia Mike Sonko. Seneti ilimbandua ugavana wa Nairobi Desemba 2020. Mwaka 2022 akaenda kutafuta ugavana wa Mombasa, akahangaika kutoka korti hadi korti, mpaka Julai 2022 Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa yake kuhusu kubanduliwa kwake. Mlango ukafungwa. Anayeketi leo katika Bunge la Kaunti pale Kajiado mjini akifikiri kwamba ubadhirifu huisha muhula unapoisha, akisome kisa hicho polepole.

Katiba hiyo hiyo inasema mtu hazuiwi mpaka njia zote za rufaa ziishe. Ndiyo sababu mwaka 2022 Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ilipopeleka IEBC orodha ndefu ya wagombea wenye doa, wengi wao waliidhinishwa. Naona kanuni hiyo ni ya haki, kwa kuwa hukumu ya kwanza huweza kuwa na makosa. Lakini kesi zikijikokota kwa miaka, mshukiwa hugombea, hushinda, hugombea tena, na mpiga kura wa Imaroro hubaki bila kujua amemchagua nani. Kwa hiyo usisubiri IEBC ikuchujie. Mgombea akija kwako, muulize ana kesi gani na imefika wapi.

Nirudi kwenye michezo, kwa kuwa Ngong na Rongai ni nyumbani kwa wakimbiaji wengi, na kila shule ya upili ya Kajiado ina kijana mmoja anayeota Olimpiki.

Elijah Manangoi alikuwa mwenzake Cheruiyot mazoezini katika klabu hiyo ya Rongai. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500 mjini London mwaka 2017. Mwaka 2020 alifungiwa miaka miwili, na Olimpiki ya Tokyo ikampita. Hakukutwa na dawa mwilini. Wapimaji walimkosa mara tatu ndani ya miezi 12. Mwanariadha aliye katika orodha ya kupimwa hutakiwa kutaja saa moja ya kila siku na mahali atakapopatikana saa hiyo. Akihama kutoka Rongai kwenda kumwona mama yake kijijini bila kubadilisha taarifa, mpimaji akafika na kukuta mlango umefungwa, hilo ni kosa la kwanza. La tatu linamfungia. Mzazi wa mwanariadha, hili ni lako pia. Simu yake ikizima, nani anajua neno lake la siri? Nani anamkumbusha usiku kabla hajasafiri? Familia inayokula kutokana na miguu ya kijana wao inaweza kumlipia kifurushi cha data na kumteua ndugu mmoja wa kufuatilia taarifa hizo kila wiki.

Kwa kocha wa kijana anayechipukia nasema hivi: vipimo haviitishwi na mwanariadha mwenyewe, na kwangu mimi lawama ya kilichompata Etyang haikupaswa kumwangukia yeye peke yake. Kijana wako akianza kukimbia muda unaokaribia wa timu ya taifa, andikia Chama cha Riadha na wakala wa kupambana na dawa michezoni, ADAK, uombe aingizwe katika mpango wa kupimwa. Fanya hivyo mwaka mzima kabla, na barua ihifadhiwe.

Dawa nazo. Kanuni ya dunia ni kwamba mwanariadha anawajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, hata kama alidungwa na mtu aliyemwamini. Wakenya kadhaa wamefungiwa kwa triamsinolone, dawa inayotumika hospitalini kupunguza maumivu na uvimbe. Ukienda kliniki au duka la dawa Kitengela ukiwa na goti lililovimba, tamka kabla ya yote kwamba wewe ni mwanariadha unayepimwa. Omba jina la dawa liandikwe, piga simu ADAK, na kama tiba hiyo ni ya lazima, omba ruhusa ya matibabu kabla hujaitumia. Unga wa kuongeza nguvu unaouzwa mazoezini bila lebo inayoeleweka, uache kabisa.

Vifaa vina kanuni zake. Mwaka 2021 Derara Hurisa wa Ethiopia alikuwa wa kwanza kuvuka utepe katika marathoni ya Vienna, kisha akaondolewa kwa kuwa soli za viatu vyake zilikuwa na unene wa sentimita tano, ilhali mwisho unaoruhusiwa ni nne. Ushindi ukaenda kwa Mkenya Leonard Langat. Kilomita 42 na ushee zikapotea kwa sentimita moja ambayo rula ya mwanafunzi ingeionyesha nyumbani. Na Ezekiel Kemboi, bingwa mara mbili wa Olimpiki, alipokonywa shaba ya Rio mwaka 2016 kwa kukanyaga nje ya mstari baada ya kuruka maji. Mwalimu wa michezo, mistari ya uwanja wako ichorwe hata kwa chokaa, ili mtoto asijifunze maana ya mstari siku ya fainali.

Kwa wanaosimamia timu za mpira, wekeni daftari la kadi. Machi 2025 Afrika Kusini iliifunga Lesotho 2–0 ikimchezesha Teboho Mokoena, aliyekuwa na kadi mbili za manjano na hakustahili kucheza. FIFA iliugeuza ushindi huo kuwa kichapo cha 3–0 na pointi tatu zikaondoka. Ikiwa nchi nzima yenye maofisa wanaolipwa inaweza kusahau kadi, timu ya mtaa inaweza kusahau zaidi. Na umri wa mchezaji wa shule usiguswe kamwe. Mwalimu anayemfutia mwanafunzi miaka miwili ili apate kombe anaiweka hatarini timu nzima, na anawafundisha watoto 18 kwamba cheti cha kuzaliwa ni karatasi ya kuchezewa.

Sasa tuseme umeondolewa. Usiende kwanza kwa waandishi wa habari, wala kwa rafiki mwenye sauti kubwa. Dai upewe sababu, na katika mambo ya uchaguzi na tenda idai kwa maandishi ikiwa na tarehe, kisha ujue una muda gani. Katika riadha muda ni dakika 30 tangu matokeo yatangazwe rasmi. Mwanariadha au anayemwakilisha humwendea refa kwanza kwa mdomo. Asiporidhika huandika rufaa kwa jopo, na katika mashindano ya kimataifa hulipa amana ya dola 100. Ndivyo Faith Kipyegon alivyookolewa Paris tarehe 5 Agosti 2024. Alimaliza wa pili mita 5,000 nyuma ya Beatrice Chebet, akaondolewa kwa kudaiwa kumzuia Gudaf Tsegay, Kenya ikakata rufaa, na usiku uo huo medali yake ya fedha ikarudishwa. Kulikuwa na mtu aliyejua kanuni na aliyekuwa tayari. Timu yako ikienda mashindano ya kaunti, huyo mtu ni nani, na ana pesa za ada mfukoni?

Katika uteuzi wa wagombea, IEBC ina siku chache tu za kuamua mgogoro tangu uwasilishwe, kwa hiyo wakili wa kumtafuta baada ya kukataliwa ameshachelewa. Mtafute mapema, mpe faili nzima. Kupinga matokeo ya uchaguzi wenyewe, isipokuwa ule wa rais, ni ndani ya siku 28 tangu yatangazwe.

Kwa vijana na kina mama wenye kampuni ndogo wanaoomba tenda za kaunti, mambo ni hayo hayo. Sheria ya ununuzi ya 2015 inataka kurasa zote za ombi lako zipewe nambari mfululizo. Cheti cha ulipaji kodi kikiwa kimeisha muda, au ukurasa mmoja ukikosa nambari, unaweza kutupwa nje kabla bei yako haijaangaliwa. Ukiona umeonewa, una siku 14 za kwenda kwenye bodi inayopitia malalamiko ya ununuzi.

Kuna asiyestahili kukata rufaa, na ni vyema aambiwe na wanaompenda. Kama cheti ni cha kughushi, kila hatua ya rufaa inaongeza ushahidi dhidi yako. Kama dawa uliitumia ukijua, kukiri mapema hupunguza adhabu. Na wafuasi wa mgombea aliyekataliwa wasichome matairi Barabara ya Namanga. Biashara zinazofungwa ni za majirani zao, na hakimu hasomi moshi.

Aliyefungiwa michezo naye bado ana kanuni za kufuata. Hawezi kukimbia mashindano yanayotambuliwa, hata yale madogo ya kutafuta pesa za karo, wala kufanya mazoezi na klabu yake, isipokuwa katika kipindi cha mwisho: miezi miwili ya mwisho au robo ya mwisho ya adhabu, kutegemea ipi ni fupi. Akivunja masharti, anaongezewa muda unaoweza kulingana na adhabu yote ya mwanzo. Anaendelea kupimwa pia, kwa hiyo taarifa za mahali alipo zisikome.

Kwa mwanasiasa, uliza ni kifungu gani hasa kilichotajwa katika uamuzi wako, kwa maana havifanani. Aliyefilisika akiondolewa hali hiyo na mahakama hazuiwi tena kwa kufilisika. Aliyemaliza kifungo chake hazuiwi na kipengele cha kifungo, kwa kuwa kinamhusu yule ambaye siku ya kuandikishwa kugombea au siku ya uchaguzi bado anakitumikia. Aliyeondolewa kazini kwa kukiuka maadili ya uongozi ana mzigo mwingine: kifungu cha 75 kinamnyima ofisi nyingine yoyote ya dola, na hakitaji mwaka wa kuisha. Nenda na uamuzi huo kwa wakili, mwonyeshe nambari ya kifungu, na umuulize hilo kwanza kabla hujachapisha bango hata moja.